Gurudumu Lisilolia

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Ukungu ulilala juu ya reli mpaka saa mbili na nusu, ukaondoka taratibu, likabaki jua jembamba lisiloweza kukausha hata kitambaa cha mkono. Upepo hakuna. Mvua hakuna.

Saa moja na dakika ishirini, mzee aliyeitwa Masikio alitoka nyumba namba sita, kwenye safu ya nyumba za mawe nyuma ya stesheni, huku akivuta soksi zake zifike magotini. Alikuwa na miaka sitini na minane na alikuwa amevaa kaptura. Hakuichagua yeye. Kampuni iliyoikodi stesheni ile ya mlimani kwa ajili ya watalii ndiyo iliyoamua kwamba kila mfanyakazi anayeonekana na wageni avae kama walivyovaa watu wa reli enzi za mkoloni: kaptura ya kaki, soksi za sufu, shati la vifungo vya shaba na kofia nyekundu yenye kishada. Masikio aliajiriwa na reli miaka kumi baada ya mkoloni kufunga virago, na kwa miaka thelathini na moja ya kazi hakuwahi kuvaa kitu ila ovaroli ya bluu. Alipolisema hilo, aliyekuwa akigawa nguo alimjibu kwamba ovaroli haitoki vizuri kwenye picha.

Siku ya kwanza alipoivaa, mkewe alikaa kwenye kizingiti, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Baba watoto, miguu hiyo mara ya mwisho niliiona tuliponyeshewa siku ya harusi. Tena siku ile uliona haya ukaificha."

"Ni kazi, mama watoto."

"Kazi gani ya kuwatembezea watu miguu ya korongo?"

Miaka miwili baadaye alikuwa bado anaivaa kaptura ile.

Kazi yake ya kweli ilikuwa kugonga magurudumu. Stesheni ile ndiyo iliyo juu kuliko zote kwenye njia ile. Treni ikitoka hapo inashuka kilomita ishirini na saba bila kupumzika, kona arobaini na tatu, huku breki zikilia njia nzima kama nguruwe wanaochinjwa. Ndiyo maana zamani hakuna treni iliyoruhusiwa kushuka kabla ya mgonga magurudumu kuipitia. Anaweka kabari za mbao mbele ya magurudumu ili treni isiteleze, dereva anafungua breki, kisha mgongaji anatembea na nyundo yake ya mpini mrefu, anagonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima linalia kama kengele, sauti inakwenda mbali. Lenye ufa linasema "ko", kama mtu anayegonga mlango wa mbao, basi. Lakini lazima breki ziwe wazi. Breki ikikaza inalikaba gurudumu koo, na gurudumu lililokabwa halisemi kitu, likiwa zima au bovu.

Aliyemfundisha alikuwa mzee mwenye jicho moja, mkali kama siki. Alimgeuza uso ukutani miezi sita. Mzee anagonga, kijana anasikiliza, kisha anataja lipi bovu bila kuliangalia. Akikosea anarudia behewa zima. Mwezi wa saba alipewa nyundo na jina la Masikio, na toka hapo akisema "hapana," hata stesheni masta hakuthubutu kuinua bendera.

Kisha reli ikafungwa, Masikio akalima kabichi miaka kadhaa, na stesheni ikageuka kichaka. Alipoitwa tena na hiyo kampuni aliona kama amefufuliwa. Furaha hiyo ilidumu kama siku nne.

Kwa sababu kampuni haikutaka stesheni. Ilitaka sura ya stesheni. Saa ya ukutani, ambayo Masikio alijitolea kuitengeneza, iliachwa imesimama kwenye saa kumi na dakika tano, kwa kuwa saa iliyokufa, waliambiwa, ina mvuto zaidi. Milango iliyokuwa mizima ilikwanguliwa kwa msasa ionekane imechakaa. Katika chumba cha kungojea abiria walitundika picha kubwa ya mhandisi wa kikoloni, na chini yake maandishi: ALIIJENGA RELI HII KWA MIKONO YAKE. Mikono yenyewe, kwa mujibu wa picha hiyo hiyo, ilikuwa imevaa glavu nyeupe. Watu waliopasua mwamba kwa sururu na kufukiwa ndani ya handaki walipewa nafasi yao pia, maneno matatu mwishoni: "akisaidiwa na vibarua."

Nje, chini ya paa la mabati, walirudisha hata benchi la zamani pamoja na kibao chake: WENYEJI WASIKAE HAPA. Kibao kilipakwa rangi upya, herufi zikachongwa vizuri, wageni wakawa wanapiga picha wamekaa na kucheka. Siku moja mama mfagiaji alichoka, akakaa. Mlinzi, naye mwenyeji, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwa Masikio, alimkimbilia kwa firimbi.

"Mama, inuka hapo!"

"Kwa nini?"

"Kusoma hujui?"

Akainuka. Ikasemwa baadaye kwamba sababu ilikuwa rangi mbichi. Labda. Mkoloni angalau hakuhitaji kujitetea kwa rangi.

Onyesho la kugonga magurudumu lilipangwa kila Jumamosi na Jumapili, saa tatu na nusu, nusu saa kabla ya treni ya watalii kushuka. Masikio alipewa nyundo mpya yenye kichwa cha mpira, ili asichubue rangi nyeupe iliyopakwa kwenye kingo za magurudumu. Breki zilibaki zimekazwa, maana ratiba haikuwa na dakika za kuweka kabari. Kwa hiyo alipogonga hakikusikika kitu. Hilo nalo walilipatia dawa: chini ya benchi walificha spika, na binti aliyewaongoza wageni kwa kipaza sauti, ambaye watu wa stesheni walimwita Redio kwa kuwa hakunyamaza, alikuwa akibonyeza simu yake kila nyundo inaposhuka. Spika inalia "ngiii." Mara nyingine Redio alibonyeza kabla nyundo haijafika. Siku moja alibonyeza mara mbili, na gurudumu likalia huku Masikio akijikuna goti. Wageni walipiga makofi.

Jumamosi hiyo ya tarehe kumi na nne, treni ilikuwa tayari imesimama kwenye reli ya kwanza, mabehewa matatu, imepandishwa tangu Ijumaa jioni. Masikio aliipitia kama kawaida yake, bila kuagizwa na mtu, mikono nyuma. Behewa la pili, gurudumu la tatu upande wa jukwaa, alisimama.

Kwenye ile rangi nyeupe palikuwa na mstari wa kutu, mwembamba kama unywele. Ulianzia ukingoni, ukaingia ndani kuelekea ekseli kwa urefu wa kiganja. Alilamba kidole gumba, akausugua. Haukufutika. Akainama zaidi, pua karibu na chuma, akaufuata kwa ukucha, na ukucha ukakwama.

Rangi haina mahali pa kukwamisha ukucha.

Alikwenda moja kwa moja ofisi ya zamani ya stesheni masta. Siku hizi alikuwamo meneja wa kampuni, mwanamume wa miaka arobaini hivi aliyezaliwa mjini, aliyevaa kofia ngumu nyeupe ya kikoloni hata ndani ya nyumba. Wafanyakazi walimwita Gavana. Alijua, na alipenda.

"Shikamoo mzee," alisema Gavana, bila kuondoa macho kwenye kioo kidogo alimokuwa akinyoosha masharubu yake.

"Marahaba. Bosi, behewa la pili lina ufa kwenye gurudumu. Lisishuke leo."

"Behewa la pili ndilo la wageni wa heshima. Wale wa mawakala wa safari, wanakuja leo kutuangalia. Limeshapambwa. Lina maua."

"Maua hayashiki gurudumu."

"Mzee." Gavana aliweka kioo chini. "Cheti hicho hapo ukutani. Mtaalamu alikuja mwezi wa kwanza akapima kila kitu."

"Mwezi wa kwanza ufa haukuwepo."

"Sasa umefika lini? Umekuja na basi?"

"Umetengenezwa na nyinyi. Treni inashuka breki zimekazwa njia nzima, chuma kinafika chini kikiwa moto wa kukaanga. Halafu kule chini mnakimwagia maji ya baridi kwa mpira, ili magurudumu yang'ae wageni wakipiga picha ya mwisho. Chuma cha moto hakimwagiwi maji, bosi. Hata mtoto wa jikoni anajua sufuria inavyofanya."

Gavana alivaa uso wa mtu anayesumbuliwa na nzi, lakini alitoka. Alifika kwenye behewa, akainama kidogo, akashikilia kofia yake isianguke.

"Hiki?"

"Hicho."

"Hii ni rangi imechubuka." Akageuka, akamwita fundi rangi aliyekuwa akimalizia uzio. "Wewe, njoo na brashi. Paka hapa."

Fundi rangi alipaka. Alikuwa fundi mzuri. Dakika tatu tu na gurudumu likawa jeupe kama jino la bandia.

"Umeona?" alisema Gavana. "Limepona."

"Bosi, kuna watu tisini watakaopanda. Likikatika kwenye kona hakuna atakayeteremka mzima."

"Na mimi nikiwaambia mawakala leo treni haishuki kwa sababu mzee wa maonyesho ameota, kampuni hii itafungwa, na nyumba namba sita unayokaa itarudi kwa shirika la reli. Sikiliza, nakuheshimu kama baba yangu. Lakini usijisahau. Hapa wewe ni burudani."

Akaondoka, akipangusa viatu vyake kwa kitambaa.

Masikio alirudi nyumbani. Mkewe alikuwa ukumbini akivunja mkaa, na chombo cha kuvunjia kilikuwa ile nyundo ya zamani, ya chuma, mpini wake umeng'aa kwa viganja vya watu wawili, wa yule mzee mwenye jicho moja na wake. Alimweleza yote, kwa mkato, kama mtu anayesoma ripoti. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza, jambo lililokuwa nadra kiasi cha kutisha.

"Kwa hiyo amepaka rangi juu ya ufa," alisema mwishowe.

"Amepaka."

"Yule hata akifa watampaka poda wamkalishe mezani aendelee na mkutano. Sasa wewe umerudi kufanya nini hapa? Chai?"

"Hawanisikii, mama watoto. Nimesema mara tatu."

"Wewe maneno yako lini yalisikika? Miaka arobaini na minne naishi na wewe, unaongea kama mtu anayelipia kila neno. Kule reli walikuwa wanakusikia wewe au walikuwa wanasikia chuma?"

Masikio alimtazama.

"Nipe nyundo," alisema.

"Mkaa nivunjie nini?"

"Meno."

"Haya, nenda. Na hizo soksi zipandishe, unakwenda kugombana."

Kwenye kichwa cha treni alikuwemo dereva, kijana wa miaka thelathini na tano aliyefunzwa kuendesha treni za mizigo za mafuta ya dizeli, mstaarabu, mwoga wa kupoteza kazi. Masikio alisimama chini ya mlango wake.

"Mwanangu, wakati wa onyesho nifungulie breki dakika tano."

"Baba, tupo kwenye mteremko."

"Nitaweka kabari sita. Nimezitoa stoo, ni zile zile za zamani."

"Kwenye ratiba hakuna kufungua breki."

"Kwenye ratiba hakuna ufa pia."

Dereva alichungulia nyuma, kwenye magurudumu meupe yaliyopangana. "Ufa gani? Meneja kasema umeona rangi."

"Mimi nikikwambia ufa, utakuwa unachagua kati ya mdomo wangu na wa meneja, na wa meneja unalipa mshahara. Sitaki uniamini. Fungua breki usikilize mwenyewe. Wewe ndiye utakayekuwa mbele."

Dereva alishika mkono wa breki. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Dakika tano?"

"Nne zinatosha."

Kwa Redio ilikuwa rahisi zaidi na ngumu zaidi. Alimwomba tu asibonyeze simu.

"Babu, bila spika si patakuwa kimya? Gavana atanikata kichwa."

"Leo acha vyuma vijisemee."

"Vinasema?" aliuliza Redio, na alimaanisha. Miaka miwili alikuwa akiwasimulia wageni habari za milio ya magurudumu na hajawahi kusikia hata mmoja.

Saa tatu na nusu wageni tisini walikuwa wamesimama jukwaani, wamevaa nguo za msituni ingawa msitu wa karibu ulikuwa mwendo wa saa mbili. Wale mawakala wanane walisimama mbele, na Gavana kati yao, kifua nje. Redio alishika kipaza sauti akaanza hadithi yake: kwamba sanaa hii Masikio aliirithi kwa mabwana wa zamani wa reli, kwamba katika usiku wa ukungu anasikia treni zilizokufa. Masikio, aliyekuwa amepiga magoti akisukuma kabari ya sita, hakusikia hata treni iliyo hai.

Akainuka. Akainua mkono. Kutoka mbele ilisikika hewa ikitoka kwenye breki, "fuuu," na mabehewa yakasogea kidogo, yakaegemea kabari, yakatulia. Gavana aligeuza shingo.

Nyundo ilishuka kwenye gurudumu la kwanza.

Halikuwa lile "ngiii" la spika. Lilikuwa kubwa, la duara, likatoka chini ya behewa, likapita juu ya vichwa vya watu, likagonga ukuta wa mawe wa stesheni na kurudi. Mgeni mmoja alishusha kamera. Mama mfagiaji aliacha kufagia. Katika nyumba za mawe nyuma ya stesheni milango miwili mitatu ilifunguliwa, na wazee waliokuwa hawajatoka tangu ukungu uanze wakatoa vichwa.

La pili likalia. La tatu, la nne. Masikio hakutazama mtu. Behewa la kwanza lote likaisha, likiwa zima. Akaingia behewa la pili. Gurudumu la kwanza likalia. La pili likalia.

La tatu likasema "ko."

Akagonga tena. "Ko." Akarudi la pili: likalia mpaka mwisho wa jukwaa. Akaja la tatu: "ko." Alifanya hivyo mara nne, polepole, bila neno, na mara ya nne hapakuwa na mtu jukwaani ambaye hakuwa anajua gurudumu lipi ni lipi.

Kisha wageni wakapiga makofi.

Walipiga makofi kwa nguvu, wakapiga na miluzi. Wakala mmoja alimwambia Gavana kwamba hajaona onyesho zuri kama hilo, lenye taharuki ndani yake, na kwamba alipenda hasa lile la mwisho lenye sauti ya huzuni. Gavana, aliyekuwa amebadilika rangi, alirudishiwa rangi yake papo hapo.

"Tunajitahidi," alisema. "Karibuni behewani, mabibi na mabwana. Safari inaanza!"

Na wakaanza kupanda. Masikio alisimama na nyundo yake akiwatazama wanavyoinua miguu kwenye ngazi, wanachekacheka, wanasaidiana mabegi. Walikuwa wamesikia kila kitu. Kusikia walisikia.

"Dada," mwanamke mmoja mgeni, mzee, mwenye fimbo, alimuuliza Redio, "lile lisilolia maana yake nini hasa?"

Redio alikuwa bado ameshika kipaza sauti mdomoni, na kilikuwa kimewashwa. Alifungua mdomo atoe hadithi, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakukuwa na hadithi.

"Maana yake lina ufa," alisema, na jukwaa zima likasikia. "Linaweza kukatika."

"Kwenye hadithi?"

"Hapana, bibi. Kwenye behewa la pili."

Miguu ilisimama ngazini. Mtu alicheka, akaona amecheka peke yake. Watu wa behewa la pili wakaanza kushuka, wakahamia la kwanza, wa la kwanza wakawakatalia nafasi, na kwa dakika nzima palikuwa na fujo ya mabegi na samahani nyingi. Gavana alipanda juu ya benchi, lile lile la kibao, akainua mikono.

"Ni sehemu ya onyesho, jamani! Ni maigizo! Huyu ni mwigizaji wetu! Behewa ni salama kabisa, lina cheti!"

Ndipo dereva alipoteremka. Alitembea taratibu kando ya mabehewa mpaka mbele ya benchi, akavua kofia yake ya kishada, akaikunja.

"Mimi nimesikia, bosi," alisema. "Lakini mimi dereva tu. Kama unasema ni salama, basi panda wewe. Behewa la pili, kiti cha juu ya gurudumu la tatu. Ukishakaa naondoa treni sasa hivi."

"Mimi nina kazi ofisini."

"Kilomita ishirini na saba tu. Nitakurudisha."

Watu tisini walimtazama Gavana. Mawakala wanane walimtazama karibu zaidi. Alishuka kwenye benchi, akarekebisha kofia, akaenda mpaka ngazi ya behewa la pili kwa mwendo wa mtu anayekwenda kupokea zawadi. Akaweka mguu mmoja. Ndani maua yalikuwa mezani, vitambaa vyeupe, glasi zimepangwa. Alishika chuma cha mlango. Akakaa hivyo, mguu mmoja ngazini, mmoja jukwaani, kwa muda ambao Redio baadaye aliapa ulikuwa dakika mbili, ingawa hazikufika hata nusu.

Kisha akauondoa mguu.

"Viatu vyangu," alisema, "vina matope."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mfagiaji peke yake, kutoka pembeni, alisema, "Pole, Gavana," kwa upole ambao ungemkata mtu mwenye ngozi nyembamba.

Wageni walishushwa kwa mabasi ya hoteli. Kichwa cha treni kilivuta mabehewa mita mia moja hadi penye tambarare, mwendo wa kobe, Masikio akitembea kando ya gurudumu la tatu kama anayesindikiza mgonjwa, na behewa la pili likasukumwa kwenye reli ya pembeni na kuachwa hapo. Mabehewa mawili yaliyobaki yakarudishwa jukwaani.

Saa kumi alasiri Gavana alifika nyumba namba sita. Hakuwa na kofia. Mkewe Masikio alimpa kiti na hakumpa chai.

"Mzee," alianza, na macho yake yalikuwa yanang'aa kwa namna ambayo haikuwa ya mtu aliyekuja kuomba radhi. "Mawakala wamenipigia simu. Wote. Wamelipenda."

"Wamependa nini?"

"Tukio! Ile hofu. Wanataka wateja wao walione. Kwa hiyo nimefikiria: lile behewa tusilitengeneze. Tuliache na ufa wake. Kila Jumamosi unagonga, linasema 'ko', dereva anashuka, anamwambia meneja apande, meneja anaweka mguu, anaogopa, watu wanacheka. Mimi sitacheza mwenyewe, nina heshima yangu, nitatafuta mtu wa kuigiza."

"Mwenye viatu vya matope," alisema mkewe Masikio.

"Na likikaa hapo na ufa," alisema Masikio, "siku kutakuwa na wageni wengi na mabehewa hayatoshi, mtafanya nini?"

Gavana alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, hilo lazima lisemwe, na jibu lilimfika usoni kabla hajalizuia. "Siku moja moja tu," alisema. "Kwa mwendo mdogo."

Masikio alimsindikiza mpaka mlangoni, akamwambia amesikia, akafunga mlango.

Asubuhi yake, Jumapili, saa kumi na mbili, ukungu ukiwa bado umelala, alikwenda reli ya pembeni na spana mbili na toroli ya kubebea mawe. Dereva alikuwa ameshafika, kama walivyoagana usiku, amevaa ovaroli. Walifungua minyororo ya kuungia iliyokuwa mbele na nyuma ya behewa la pili, wakapigapiga pini zilizoganda kutu mpaka zikatoka, wakachomoa na kulabu zake. Kila upande ulichukua karibu saa nzima na toroli ilikwenda mara mbili. Behewa likabaki bila mkono wa kushikwa, mbele wala nyuma; hakuna kichwa cha treni ambacho kingeweza kulivuta tena. Vyuma vyote viliingizwa nyumba namba sita, chini ya kitanda, na mkewe akasimama mlangoni na ufagio.

"Sasa tutalala juu ya treni?"

"Sogeza sanduku lako kidogo," alisema Masikio. "Kulabu moja bado iko nje."